Kizuri Chajiuza, Lakini Nani Amekiona?



Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilikuwa na mahali pake. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, au Biashara Street kule Mombasa, mteja alipita kwa miguu mbele ya duka, akaiona kanga imetundikwa, akaishika, akaitazama rangi yake juani, kisha akauliza bei. Kitu kizuri kilijiuza kwa sababu kilikuwa kimekwisha kuonekana. Hapa Sydney mambo hayaendi hivyo. Mpishi yuko Auburn, mwenye harusi yuko Penrith, na baina yao hakuna kichochoro kinachowakutanisha. Anayemtafuta mpishi huchukua simu yake usiku, watoto wamelala, akaandika maneno mawili matatu, akasoma kurasa tatu nne, kisha akachagua. Kizuri ambacho hakumo katika kurasa hizo, kwake yeye hakipo duniani.

Katika jamii yetu wamo wanaopika kwa shughuli, wanaoshona, wanaosuka nywele, wanaopamba ukumbi wa harusi, wanaosafisha nyumba na maofisi, wanaohamisha mizigo na wanaofundisha kuendesha gari. Aghalabu wateja wao wa mwanzo ni jamaa na majirani. Hao ni neema, wala haifai kuwadharau. Lakini idadi yao ni ndogo, harusi zao hazitokei kila wiki, na si wachache miongoni mwao wanaotaka bei ya udugu. Biashara inayowategemea hao peke yao hufika ukomo upesi, na mwenye biashara akadhani kazi yake haina baraka, kumbe kilichokosekana ni mlango wa kuingilia mgeni. Mlango huo leo ni tovuti, pamoja na matangazo ya mtandaoni.

Fedha zinazotumika kuujenga mlango huo hutoka mfuko uleule wa kodi ya nyumba na karo za watoto. Ndiyo maana inafaa tuulizane namna ya kuzitumia zisipotee. Mambo yafuatayo hayahitaji utaalamu mkubwa. Mengi hayana gharama isipokuwa muda wa jioni moja au mbili.

Ukurasa ujibu maswali manne

Mgeni anapofungua ukurasa wako huwa na maswali manne: Unauza nini? Uko wapi? Bei yake ni kiasi gani? Nitakupataje? Ukurasa mwema huyajibu yote bila ya kumlazimisha kuteremka chini sana. Kurasa zetu nyingi huanza kwa neno KARIBUNI lililoandikwa kwa herufi kubwa, likafuatiwa na picha ya maua, kisha historia ya kampuni. Historia ni nzuri, lakini ina mahali pake, nao ni ukurasa wa pili.

Tumchukue mama wa kubuni, mpishi wa Auburn, awe mfano wetu leo. Akiandika “Tunatoa huduma bora kwa bei nafuu”, hajasema neno, kwani hata mshindani wake ameandika hivyohivyo. Lakini akiandika “Tunapika biriani, pilau na sambusa za halali kwa shughuli za watu 20 hadi 200, magharibi ya Sydney; tafadhali agiza siku tano kabla”, msomaji ameelewa kila kitu kwa sentensi moja. Anayehitaji ataendelea kusoma, na asiyehitaji ataondoka bila ya kumpotezea mama yetu wakati.

Namba ya simu iwekwe juu ya kila ukurasa, tena iandikwe kwa namna ambayo mtu akiibonyeza simu yake inapiga papo hapo. Wageni wengi wanakusoma kwenye simu ya mkononi; ukiwataka waikariri namba kisha waiandike upya, baadhi yao watakata tamaa. Saa za kazi nazo ziandikwe, na ukifika mwezi wa Ramadhani zibadilishwe. Mteja aliyekuja Lakemba akakuta duka limefungwa, ilhali mtandaoni imeandikwa liko wazi, harudi mara ya pili.

Kuhusu bei, wako wanaoificha kwa kuhofia mshindani. Mshindani ataijua kwa njia yoyote. Anayefichwa hasa ni mteja. Ikiwa bei hubadilika kwa idadi ya watu, toa mfano mmoja kamili. Tena sheria ya Australia inataka mteja aonyeshwa bei jumla ambayo atailipa, pamoja na kodi na ada zisizoepukika, isiwe bei ya chambo inayoongezewa vipande njiani.

Picha zisimeze maneno

Ipo desturi iliyoenea kwetu: mtu hutengeneza bango zuri lenye rangi, akayatia maneno yote ndani ya picha, yaani jina, bei, anwani na simu, kisha akaliweka bango hilo kuwa ndiyo tovuti. Kwa macho linapendeza. Lakini maneno yaliyo ndani ya picha hayawezi kubonyezwa wala kunakiliwa kwa urahisi, mtambo wa kutafutia hauwezi kutegemewa kuyasoma kama usomavyo maandishi ya kawaida, na kifaa kinachomsomea mtu asiyeona hukaa kimya kinapofika hapo.

Mji wetu huu una kisa maarufu juu ya jambo hilo. Mwaka 1999, Bruce Maguire, mtu asiyeona anayesoma kwa nukta nundu, aliishitaki Kamati ya Maandalizi ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Fursa Sawa. Malalamiko yake yalikuwa kwamba picha nyingi katika tovuti ya michezo hazikuwa na maandishi ya kuzieleza, na kwamba hakuweza kuzifikia sehemu muhimu za ratiba na matokeo. Kamati ilijitetea kuwa marekebisho yangekuwa kazi kubwa na ya gharama. Mwezi Agosti 2000 Tume iliamua kuwa huo ni ubaguzi, ikaamuru tovuti irekebishwe kufikia tarehe 15 Septemba, siku ya ufunguzi wa michezo. Kamati haikutekeleza ipasavyo, na baadaye mwaka huohuo ikaamriwa imlipe Bwana Maguire dola 20,000.

Ikiwa tovuti ya michezo iliyoangaliwa na dunia nzima iliweza kumfungia mtu nje kwa sababu ya picha zisizo na maelezo, seuze ukurasa wetu tulioutengeneza usiku mmoja. Dawa ni nyepesi. Programu nyingi za kutengenezea tovuti zina nafasi ya kuandika maelezo ya kila picha; andika humo “Sinia ya biriani ya kuku ya watu kumi”, na kazi imekwisha. Maelezo hayohayo humsaidia asiyeona, na pia huisaidia Google kufahamu picha ni ya nini.

Uzito wa picha nao uangaliwe. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu huweza kuwa na megabaiti tatu au zaidi, ilhali kwa ukurasa wa kawaida kilobaiti mia mbili au tatu zinatosha. Ukiweka picha kumi nzito, mgeni aliye ndani ya treni atasubiri, atachoka, atakwenda kwingine. Zipunguzwe kabla ya kuwekwa, na zichaguliwe. Picha nne za kazi yako mwenyewe zina thamani kuliko arubaini ulizookota mtandaoni.

Jina moja kila mahali

Waliokulia pwani ya Afrika Mashariki wanazijua kanga zenye alama ya K.H.E. – Mali ya Abdulla, za duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887. Rangi zilibadilika, misemo ikabadilika, lakini alama ile ilibakia palepale pembeni ya nguo, na mnunuzi akaijua kwa kuitazama tu. Hiyo ndiyo faida ya jina lisiloyumba.

Sasa tazama tunavyofanya sisi. Facebook tunaandika jina moja, kwenye gari jingine, kwenye Google la tatu, na namba ya simu ya zamani bado inaning’inia mahali fulani. Mteja anashuku kuwa hao ni watu watatu, na mtambo wa kutafutia unashuku vilevile. Chagua jina moja, tahajia moja, namba moja na anwani moja, kisha zifuatishe kila mahali. Ukurasa wa biashara ndani ya Google, ambao huonekana pamoja na ramani, hutolewa bure kwa mwenye biashara anayethibitisha kuwa ni yake. Kwa biashara ya mtaani huo huweza kuleta simu nyingi kuliko tovuti yenyewe. Basi uanze nao kabla ya kulipia tangazo lolote.

Jambo jingine ni umiliki. Anwani inayoishia kwa .com.au hutolewa kwa aliye na uhusiano unaotambulika na Australia, kwa mfano mwenye namba ya biashara ya ABN. Hakikisha imeandikishwa kwa jina lako, si kwa jina la kijana aliyekutengenezea tovuti. Vijana huhama, huoa, hupata kazi Melbourne, na funguo za duka zikaondoka nao. Maneno ya siri yaandikwe kwenye daftari, daftari liwekwe pamoja na hati za nyumba.

Tangazo la kulipia: mali bila daftari

Google ilianza kuuza matangazo yaliyo kando ya majibu ya utafutaji mwaka 2000, na siku hizi msingi wake ni huu: unachagua maneno, unataja kiasi unachokubali kulipa, na aghalabu unatozwa pale mtu anapobonyeza tangazo lako. Si kweli kwamba mwenye fedha nyingi ndiye anayetangulia daima. Mtambo hutazama pia kama tangazo lako linaafiki alichokitafuta mtu, na kama ukurasa unaompeleka una manufaa kwake. Kwa hiyo mnyonge mwenye tangazo la wazi huweza kumpita tajiri mwenye tangazo la ovyo.

Turudi kwa mama yetu wa Auburn. Tuseme ametenga dola 300 kwa mwezi, na kila kubonyezwa kunamgharimu dola 2. Amepata wageni 150. Kati yao sita wamepiga simu na watatu wameagiza chakula. Faida yake kwa kila oda, kabla ya kutoa gharama ya tangazo, ni dola 80. Jumla dola 240. Ametumia 300, akarudisha 240. Lau hakuweka hesabu angefurahi kwamba “wageni 150 wamekuja”, kumbe amepoteza dola 60. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Akikaa na kuchunguza, ataona kwamba wengi waliobonyeza walikuwa wakitafuta namna ya kupika biriani, si wa kuwapikia. Wengine walikuwa wakitafuta kazi jikoni. Wengine wako Brisbane. Afanye mambo matatu. Kwanza, tangazo lionekane tu katika mitaa anayoweza kuifikia. Pili, aandike maneno ya kuzuia, ili anayetafuta mapishi au ajira asionyeshwe tangazo. Tatu, tangazo la chakula cha harusi limpeleke mtu kwenye ukurasa wa chakula cha harusi, lisimtupe ukurasa wa mbele akaanza kutafuta mwenyewe. Mwezi wa pili huenda bei ya kubonyeza ikapanda hadi dola 2.50, na wageni wakapungua kuwa 120. Lakini wakipiga simu kumi na wawili na kuagiza sita, faida ni dola 480, na baada ya kutoa 300 amebakiwa na 180. Hizi ni hesabu za mfano tu, ila njia yake ni ya kweli: wageni wamepungua, riziki imeongezeka.

Namna ya kuhesabu ni nyepesi. Kila anayepiga simu aulizwe kwa adabu, “Umetujuaje?”, na jibu lake liandikwe papo hapo. Na ukitaka kubadilisha tangazo, badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, ama maneno, ama picha, ama bei. Ukibadilisha yote kwa pamoja hutajua kilichosaidia.

Ushuhuda wa uongo

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwetu. Biashara inapofunguliwa ujumbe hupita katika makundi ya WhatsApp: “Ndugu zangu, niwekeeni nyota tano.” Shangazi aliye Mombasa na binamu aliye Muscat, ambao hawajaonja hata sambusa moja, wanaandika kuwa chakula hakina mfano. Nia ni kusaidiana, lakini huo ni ushahidi wa uongo. Anayedanganywa ni mtu wa Blacktown anayetaka kujua kama atawalisha wageni wake mia moja bila ya aibu.

Sheria nayo haiko upande wetu. Sheria ya Walaji ya Australia, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2011, inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na maneno ya mtandaoni yamo. Mwaka 2015 kampuni iliyo nyuma ya jina la Electrodry, ya kusafisha mazulia, iliamriwa na mahakama kulipa dola 215,000 kwa sababu ya shuhuda za bandia. Mwaka 2018 kampuni ya Meriton ya hapa Sydney, inayokodisha vyumba kwa wasafiri, ilitozwa dola milioni 3. Hiyo haikubuni sifa; ilizivuruga anwani za barua pepe za wageni iliowadhania kutoridhika, ili mwaliko wa kuandika maoni katika TripAdvisor usiwafikie. Kuificha kauli ya asiyeridhika nako kulihesabiwa kuwa ni kupotosha. Na katika kesi ya kliniki ya Allergy Pathway, mwaka 2011, mahakama ilisema mwenye ukurasa anawajibika kwa sifa za uongo zilizoandikwa na wateja wake, ikiwa anazijua na ameziacha.

Usidhani Google itakubebea mzigo. Mwaka 2005 Trading Post ilitangaza ndani ya Google kwa kutumia jina la Kloster Ford, muuzaji magari wa Newcastle ambaye hakuwa na uhusiano nayo. Aliyebonyeza alijikuta kwenye tovuti ya Trading Post. Mahakama iliona Trading Post imepotosha watu. Shauri dhidi ya Google lilifika Mahakama Kuu ya Australia, ambayo mwaka 2013 iliamua kuwa Google haikutenda kosa, kwani tangazo ni la mtangazaji. Kwa hiyo neno ulilolilipia ni neno lako.

Ni hivyo hasa kwa neno halali. Kwetu sisi ni amana kabla ya kuwa tangazo, na mbele ya sheria ni dai linalohitaji uthibitisho. Basi usiishie kuliandika. Eleza nyama yako inatoka kwa mchinjaji gani na cheti kimetolewa na nani. Na kama unapika nyumbani kwa kuuza, ijulishe halmashauri ya mtaa wako kabla ya kuanza, kama inavyotakiwa katika New South Wales, kisha uliseme hilo katika ukurasa. Maneno mawili ya kweli kama hayo yana uzito kuliko nyota hamsini za kuazima.

Njia iliyo safi ni kumwomba kila mteja aliyehudumiwa aandike maoni yake, awe ameridhika au hakuridhika. Akilaumu, mjibu kwa upole na umweleze utakachorekebisha, biashara haigombi. Msomaji mgeni hutazama sana namna ulivyojibu.

Namba za watu si mali yako

Ukiwa umepewa orodha ya namba za waliochangia harusi au msiba, hukupewa ruhusa ya kuwatangazia bidhaa. Sheria ya mwaka 2003 inayohusu ujumbe wa biashara usiotakiwa inataka mambo matatu: mpokeaji awe ameridhia, mpelekaji ajitambulishe, na iwepo njia nyepesi ya kujitoa. Anayejitoa aondolewe ndani ya siku tano za kazi. Kuwatumia wote ujumbe kila Ijumaa kunaudhi, na aliyeudhika hanunui.

Mwisho tujihadhari na wanaopiga simu wakiahidi kukuweka wa kwanza katika Google kwa malipo ya kila mwezi. Matangazo yanauzwa, lakini nafasi katika majibu ya kawaida haiuzwi, na Google yenyewe husema hakuna awezaye kukudhaminia nafasi ya kwanza. Usitie saini mkataba kwenye simu. Mwambie alete kwa maandishi, mpe mtu mwingine ausome, kisha ulale juu ya shauri hilo usiku mmoja.

Kazi ya mwezi huu

Mwezi huu tufanye jambo moja tu. Mpe simu yako jirani asiyejua Kiswahili wala biashara yako. Mfungulie ukurasa wako, hesabu mpaka kumi, kisha uuchukue. Muulize: Ninauza nini? Niko wapi? Ungenipigia namba gani? Asipoweza kujibu, usimlaumu. Jioni hiyo kaa uandike upya sentensi ya mwanzo. Kisha nunua daftari, na uanze kuandika kila mteja na njia aliyojia. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakueleza mahali pa kutia dola yako inayofuata.

Kizuri chajiuza, ni kweli, bali baada ya kuonekana. Kazi yetu ni kukiweka mahali pa mwanga, kwa jina lake la haki na bei yake ya haki.